"Wamefunga": Nani Hasa Anazuia Tovuti Darasani?

Jumapili usiku mwalimu wa biolojia ameketi na simu yake. Amepata video ya dakika nne inayoonyesha, vizuri kuliko mchoro wowote wa kitabuni, jinsi yai linavyorutubishwa. Ameiingiza kwenye andalio la somo. Jumatatu saa mbili na nusu projekta inawashwa, wanafunzi arobaini na watano wanakodolea ukuta, na ukutani panatokea maandishi ya kijivu: ukurasa huu umezuiwa. Darasa linaangua kicheko. Mwalimu anachukua chaki, anachora.

Akirudi ofisini atawaambia wenzake neno moja tu: "Wamefunga." Wataguna kwa huruma, kwa sababu kila mmoja yamemkuta. Hakuna atakayeuliza ni akina nani hao waliofunga.

Kiambishi hicho wa- kinaficha mengi. Ndani yake wanaweza kuwemo serikali, kampuni ya simu, fundi aliyefunga ruta ya shule miaka mitatu iliyopita akaondoka na nywila, kampuni ya Marekani inayopanga tovuti katika makundi, au mwenye tovuti mwenyewe. Wakati mwingine hamna mtu kabisa. Mwalimu asiyejua ni nani kati ya hao atapeleka malalamiko yake kwa mkuu wa shule, mkuu atasema "ni mambo ya TCRA hayo," na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, haijui hata kama shule hiyo ipo.

Mlango ambao haukufungwa na mtu

Nianze na visa vya kuaibisha kidogo, maana ni vingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Kompyuta nyingi za shule zetu ni mitumba. Zimefika zikiwa zimetumika ofisini Ulaya kwa miaka, na ile betri ndogo ya mviringo mfano wa sarafu, inayotunza saa ya mashine, imekwisha kufa. Umeme ukikatika, kompyuta inaamka ikidhani tupo mwaka 2009. Sasa, kivinjari kinapofungua tovuti salama hukagua kwanza cheti cha tovuti hiyo, yaani kitambulisho chake, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kwa mashine inayoishi 2009, karibu kila cheti cha leo bado hakijaanza kazi. Linatokea onyo jekundu, mwalimu anasema wamefunga, na dawa ilikuwa kurekebisha saa pembeni mwa kioo.

Tatizo hilo lina ndugu yake. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama cha zamani, ambacho tovuti nyingi zinazopata vyeti vya bure kutoka Let's Encrypt zilikuwa zikikiegemea, kilifikia mwisho wa muda wake. Mashine zilizokuwa hazijasasishwa kwa miaka zikaanza kukataa tovuti ambazo jana yake zilifunguka bila shida. Hakuna aliyezuia kitu. Kompyuta ilizeeka tu.

Halafu bando. Mwalimu anaunganisha kompyuta na simu yake, WhatsApp inafunguka, tovuti ya jiografia haifunguki. Akichunguza atakuta alinunua kifurushi cha mitandao ya kijamii, ambacho hakimpi njia ya kwenda kwingine.

Na kuna mwenye tovuti mwenyewe. Video inayosema haipatikani nchini kwako mara nyingi imezuiwa na mwenye hakimiliki, ambaye hakuuza haki za kuionyesha Afrika. Mkuu wa shule hawezi kukusaidia hapo, na waziri pia.

Akaunti nazo zina mambo yake. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, Google inazitaka shule zinazotumia akaunti zake za elimu zieleze watumiaji gani wamefikisha miaka 18. Shule ya msingi au sekondari isiposema lolote, watumiaji wake huchukuliwa kuwa watoto, na YouTube inawapunguzia wanachoweza kuona. Ndiyo maana video inaweza kucheza vizuri kwenye akaunti binafsi ya mwalimu sebuleni kwake Jumapili, ikakataa Jumatatu kwenye akaunti ya shule, ingawa ni video ileile.

Kichujio kinaona nini

Baada ya kuwaondoa hao wote, tunabaki na kichujio chenyewe: programu au kifaa kinachokaa kati ya darasa na intaneti na kuamua kipi kipite. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani kichujio kinasoma ukurasa na kuuelewa. Hakielewi kitu.

Njia kongwe kabisa ni kutafuta maneno. Kichujio kinapewa orodha ya maneno machafu, na kikikuta mfululizo wa herufi hizo popote, kinafunga. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kujisajili kwenye huduma ya intaneti ya AOL kwa sababu jina la mji wao limebeba herufi nne zinazounda tusi la Kiingereza. Tangu hapo kosa la namna hiyo limepewa jina la mji huo, heshima ambayo nadhani hawakuiomba.

Wazungumzaji wa Kiswahili wana Scunthorpe yao, tena kubwa zaidi. Kichujio cha maneno kilichotengenezwa kwa Kiingereza kikipewa habari ya mahakamani, kitakutana na neno "mashitaka" na kuona ndani yake kinyesi cha Kiingereza. Kikipewa kichwa cha habari "Mtoto anusurika kifo", kitaona sehemu ya mwili isiyotajwa hadharani. Kibaya zaidi ni "kike". Kwa Waingereza na Wamarekani, herufi hizo nne ni tusi zito dhidi ya Wayahudi. Kwetu ni "wanafunzi wa kike", "mtoto wa kike", "taulo za kike". Ukurasa unaoeleza kwa nini mabinti huacha shule unaweza kurudia neno hilo mara ishirini. Kwa mashine isiyojua Kiswahili, huo ni ukurasa wa chuki ya kupindukia.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba matusi yetu wenyewe, yale ambayo hata kondakta wa daladala angeyasema kwa kujificha, yanapita kifua mbele. Hayamo kwenye orodha. Kwa hiyo shule inayofundisha kwa Kiswahili na kutegemea kichujio cha aina hiyo inapata hasara mara mbili: yanazuiwa mazuri, yanapita mabaya.

Njia ya pili, iliyoenea zaidi leo, ni ya makundi. Kampuni zinazouza vichujio hupanga mamilioni ya tovuti katika makundi: michezo, kamari, ngono, silaha, mitandao ya kijamii, afya, habari. Shule huweka alama kwenye makundi isiyoyataka. Inaonekana ni busara, mpaka ujue kwamba kuna kundi linaloitwa, kwa lugha yoyote ile, "zisizopangwa". Ni tovuti ambazo kampuni haijazifikia. Shule zenye woga hulifunga kundi hilo lote kwa kuwa halijulikani lina nini. Sasa fikiri ni tovuti zipi ambazo kampuni ya mbali itachelewa kuzipanga: blogu ya mwalimu wa Kigoma mwenye notisi za fizikia, tovuti ndogo ya hadithi za Kiswahili, ukurasa wa kikundi cha wakulima. Wanaoumia hapo ni watu wa lugha zisizo na maandishi mengi mtandaoni. Hakuna aliyewakusudia, ila ndivyo inavyowaangukia.

Makundi yana ugonjwa mwingine pia, nao umepimwa. Mwaka 2002 taasisi ya Kaiser Family Foundation ya Marekani ilichapisha utafiti uliopima vichujio vya shule na maktaba kwa kuvipeleka kwenye tovuti za afya na tovuti za ngono. Vikiwekwa kwenye kiwango cha chini kabisa cha ukali, vilizuia asilimia 87 ya tovuti za ngono na asilimia 1.4 tu ya tovuti za afya. Vikiwekwa kwenye ukali wa juu kabisa, ngono iliyozuiwa ilipanda hadi asilimia 91. Na afya? Asilimia 24. Soma tena tarakimu hizo polepole. Kwa kukaza nati hadi mwisho, shule ilijipatia pointi 4 za ziada dhidi ya uchafu, ikapoteza karibu robo ya maarifa ya afya. Utafiti huo ni wa zamani na vichujio vimebadilika, lakini hesabu ya msingi ndiyo ileile kila mahali: kukaza zaidi baada ya hatua fulani hakumlindi tena mtoto, kunamnyima tu mwalimu. Mwalimu wetu wa biolojia, anayefundisha uzazi, Ukimwi na saratani ya matiti, anakaa katika robo hiyo.

Rafu moja, maktaba nzima

Swali ambalo walimu huuliza sana ni hili: kwa nini wasifunge video mbaya tu na kuacha nzuri?

Zamani iliwezekana kwa kiasi fulani. Siku hizi mawasiliano karibu yote kati ya kivinjari na tovuti husafiri yakiwa yamefungwa kwa msimbo. Ndiyo maana ya ile herufi s kwenye https. Aliye katikati, awe fundi wa shule au kampuni ya simu, anaona bahasha imeandikwa "kwa youtube.com" lakini haoni ndani unaomba video ipi. Akibaki hapo katikati bila kuifungua bahasha, ana uamuzi wa aina mbili: aache bahasha zote za YouTube zipite, au azitupe zote.

Mfano mkubwa ni Uturuki. Wikipedia ilihamia kwenye https kikamilifu mwaka 2015. Tarehe 29 Aprili 2017 serikali ya Uturuki, ikiwa na ugomvi na kurasa chache kuhusu vita vya Syria, iliifunga Wikipedia nzima, lugha zote. Mwanafunzi wa Ankara aliyetaka kusoma habari za usanisinuru alikuta mlango umefungwa kwa sababu ya siasa ya Syria, na ukabaki hivyo mpaka tarehe 15 Januari 2020, baada ya mahakama ya katiba kuamua kwamba zuio hilo lilikiuka uhuru wa kujieleza.

Ipo njia ya kufungua bahasha. Shule inaweka cheti chake yenyewe kwenye kila kompyuta, na kifaa cha katikati kinajifanya ndiyo tovuti: kinapokea ombi, kinalisoma, kisha kinalifunga upya na kulituma. Kwa njia hiyo unaweza kuzuia video moja na kuacha nyingine. Lakini kifaa hicho sasa kinaweza kusoma kila kitu kinachopita, ikiwa ni pamoja na barua pepe ya mwalimu na nywila yake ya benki. Mwalimu akiambiwa aweke "cheti cha shule" kwenye simu yake binafsi ndipo apate Wi-Fi, ana haki ya kuuliza maswali mengi kabla ya kubonyeza kukubali. Mimi ningekataa, nikabaki na bando langu.

Woga una historia

Vichujio hivi vikali havikushuka kutoka mbinguni. Desemba 2000 Rais Bill Clinton wa Marekani alitia saini sheria ya kuwalinda watoto kwenye intaneti, inayojulikana kwa kifupi CIPA. Haikulazimisha kila shule kuweka kichujio. Ilisema shule au maktaba inayotaka kupunguziwa gharama za intaneti na mfuko wa serikali ya shirikisho sharti ichuje. Punguzo hilo ni kati ya asilimia 20 na 90, kubwa zaidi kwa shule za maeneo maskini. Maktaba zikaenda mahakamani, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu Kabisa ya nchi hiyo ikaiacha sheria isimame.

Kinachosahaulika ni kwamba sheria yenyewe inataja picha tu: za ngono, za unyanyasaji wa watoto, na nyingine za kudhuru watoto. Haitaji YouTube wala blogu. Inaruhusu hata kichujio kuzimwa kwa mtu mzima mwenye utafiti halali. Mwaka 2011 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilisema waziwazi kuwa Facebook na MySpace haziwi "za kudhuru watoto" kwa kuwa tu ni mitandao ya kijamii. Lakini ofisi za elimu ziliogopa kupoteza fedha, zikafunga mengi zaidi ya zilivyoagizwa. Mwaka huohuo chama cha wakutubi wa shule wa Marekani kilianzisha siku maalumu ya kukumbusha watu juu ya tovuti zinazozuiwa shuleni.

Uingereza ilijifunza jambo hili kwa njia nyingine. Februari 2010 wakaguzi wa shule wa Ofsted walitoa ripoti baada ya kuzuru shule 35. Shule tano zilizosifiwa kuliko zote kwa kuwafundisha watoto usalama mtandaoni zilikuwa na kitu kimoja kwa pamoja: hazikufunga kila kitu. Zilikuwa na vizuizi vichache, na mwanafunzi alifundishwa afanye nini akikutana na baya. Shule zilizofunga kila mlango zilikuwa na wanafunzi wasiojua kujilinda wakitoka nje ya geti. Leo mwongozo rasmi wa ulinzi wa watoto shuleni Uingereza unaagiza kuchuja, na papo hapo unaonya kwamba kuzuia kupita kiasi kusije kukawanyima watoto mafundisho.

Yanatuhusu nini? Ni kwamba vichujio vinavyouzwa kwetu vimekulia katika masoko hayo. Shule inayonunua vifaa vyenye kichujio ndani yake inanunua pamoja navyo woga wa mwanasheria wa Ohio.

Serikali inapokuwa ndiyo mfungaji

Afrika Mashariki ina tabaka la juu zaidi, na hilo fundi wa shule hawezi kulifungua.

Kenya, Novemba 2023, wakati wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, Telegram ilikosa kupatikana. Mwaka 2024 mambo yakawekewa ratiba kabisa: Mamlaka ya Mawasiliano iliziagiza kampuni za simu kuizima Telegram siku za kazi, saa moja hadi saa nne asubuhi na saa nane hadi saa kumi mchana, mpaka mtihani umalizike tarehe 22 Novemba. Kusudi lilikuwa kuzuia uuzaji wa karatasi za mtihani, halisi na feki, kwenye chaneli za mtandao huo. Lakini Telegram hiyohiyo ndimo walimu hubadilishana notisi na mitihani ya majaribio. Bahasha ile ile tena: huwezi kumzuia tapeli mmoja, unazuia nchi.

Uganda ilifunga Facebook siku chache kabla ya uchaguzi wa Januari 2021, na zuio likaendelea kwa miaka baada ya kura kuhesabiwa. Tanzania, mtandao wa X ulizuiwa Mei 2025, na siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti yenyewe ilikatika.

Hapa ndipo VPN inapoingia, na ndipo walimu wengi wanapojiingiza matatani bila kujua. VPN huiweka bahasha yako ndani ya bahasha nyingine inayokwenda kwa mtu wa nje ya nchi, ambaye ndiye anaituma inakokwenda. Inafanya kazi. Lakini Tanzania, tangazo la TCRA la tarehe 13 Oktoba 2023 liliwataka wanaohitaji VPN kwa kazi zao wajisajili hadi tarehe 30 ya mwezi huo, na likakumbusha adhabu iliyomo kwenye kanuni: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Unaweza kuiona kanuni hiyo ni kali mno, na mimi naiona hivyo. Lakini mwalimu anayewasha VPN mbele ya wanafunzi arobaini na watano ana mashahidi arobaini na watano. Na zile za bure zina gharama nyingine: unayemkabidhi bahasha zako zote humjui, na biashara yake ni lazima ilipiwe na kitu.

Isitoshe, wanafunzi wanaijua kuliko sisi. Shule ikifunga kila kitu Jumatatu, Jumatano kidato cha tatu wana njia.

Walimu wanavyopenya bila kuvunja kitu

Njia inayotumika zaidi ni ya kizamani: kubeba somo ndani ya flashi. Kwa maandishi na picha kuna Kiwix, programu ya bure inayobeba Wikipedia nzima kwenye faili moja na kuifungua bila intaneti. Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha zake inachukua kama GB 100; ya Kiswahili inaingia kwenye flashi ya kawaida na nafasi inabaki. Kwa mazoezi na video za masomo kuna Kolibri ya shirika la Learning Equality, ambalo lilianza mwaka 2012 kwa kutengeneza toleo la tovuti ya masomo ya Khan Academy lisilohitaji intaneti. Unaiweka kwenye kompyuta moja ya mwalimu, hata ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayotosha kiganjani, na kompyuta nyingine za darasani zinasoma kutoka humo kupitia ruta. Hapo hakuna cha kuzuiwa, kwa kuwa hakuna kinachotoka nje ya chumba.

Wakenya waliona hilo mapema. Mpango wa kishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza uliozinduliwa 2016 ulipeleka shuleni, pamoja na vishikwambi, seva ndogo yenye masomo ya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, ndani yake. Tanzania, Taasisi ya Elimu ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada unavyoweza kuvisoma bure. Mwalimu mwerevu anapakua vile vinavyopakulika mwanzoni mwa muhula, bando likiwa na afya.

Kuhusu kupakua video za YouTube, masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua kiholela, kwa hiyo anza na zile zenye leseni huria au zilizotolewa na wenyewe kwa ajili ya shule. Zipo nyingi kuliko unavyodhani.

Shule ambayo haina kichujio chochote, na inataka ulinzi wa msingi bila kununua kitu, inaweza kubadilisha mstari mmoja kwenye ruta. Kila jina la tovuti hutafsiriwa kuwa namba kupitia daftari linaloitwa DNS, na baadhi ya madaftari hayo hukataa kutaja namba za tovuti za ngono. La Cloudflare lenye namba 1.1.1.3 ni la bure. Ni ulinzi mwepesi, mwanafunzi mjanja ataukwepa, lakini hauhukumu ukurasa wa saratani ya matiti kwa kuona neno moja tu.

Na ikiwa kichujio ni cha shule, basi kuna mtu mwenye ufunguo, na mtu huyo anaombeka. Tatizo la maombi mengi ni kwamba yanatolewa kwenye korido. "Kaka, shikamoo, nisaidie basi unifungulie YouTube kesho." Kaka anaitikia marahaba, anafungua youtube.com, na kesho yake darasani kinatokea kichwa cha video, maelezo yake yote, na duara linalozunguka bila kukoma. Mwalimu anasema kaka kamdanganya. Hakudanganya. Ukurasa wa YouTube unatoka youtube.com, lakini picha ndogo zinatoka ytimg.com na video yenyewe inatoka googlevideo.com. Wikipedia nayo huhifadhi picha zake upload.wikimedia.org, na ikisahauliwa unapata makala yenye visanduku vitupu.

Ombi linalofanya kazi huandikwa: majina yote matatu ya tovuti, darasa gani, kipindi gani, mada ipi ya muhtasari, na hadi tarehe gani. Tarehe ya mwisho humpa kaka ujasiri, kwa kuwa hafungui mlango wa milele. Karatasi hiyo humkinga pia siku mdhibiti ubora atakapouliza kwa nini YouTube ilikuwa wazi.

Kisha mwalimu anakwenda maabara ya kompyuta siku moja kabla, wakati wa mapumziko, anakaa kwenye mashine ya wanafunzi, anaingia kwa akaunti ya mwanafunzi, anaangalia saa pembeni mwa kioo kama inasema mwaka wa leo, na anaicheza video yote, dakika zote nne.